Kiti Kimoja, Mawifi Wawili

Ijumaa ya kumi na moja wifi yangu Havijawa alijipunguza tena. Alivua gauni lake la bluu, akaligeuza ndani nje, akatia alama ya chaki ubavuni, akashona mstari mpya na kukata kilichozidi. Kipande chenyewe kilikuwa chembamba, upana wa kidole gumba. Alikikunja, akakitia kwenye kopo la maziwa ya unga alimokuwa ameshaweka vingine kumi.

"Wifi, hebu njoo uone," aliniita kutoka chumba chake cha kushonea. "Leo nimetoa sentimita mbili nzima."

Nikaenda, nikaona, nikasema mashallah. Moyoni nilitamani kulitupa lile kopo motoni. Nasema mapema ili mtu asinitafutie sifa nisizokuwa nazo: nilikuwa na wivu, tena si wivu wa kupita. Ulikuwa wivu wa kulala nao na kuamka nao.

Mimi sikuwa na kopo. Nilikuwa na namba. Mizani ilisema nimepungua kilo kumi na gramu mia saba, yeye kilo kumi na mia tatu, kwa hiyo niliyekuwa mbele ni mimi. Lakini namba huwezi kuikunja ukamwonyesha jirani. Havijawa alikuwa akimwaga vipande vyake mezani, wateja wakavishika kimoja kimoja kama wanaochagua kitambaa cha sare ya harusi, wakasema, "Yaani wewe, unene wote huu umeutoa mwilini?"

"Mizani haina macho," alipenda kusema. "Inakuhesabia hata maji uliyokunywa sasa hivi. Mimi na tepu yangu."

"Tepu mtu anaweza kuivuta," nilimjibu.

"Mtu, ndiyo. Mimi fundi, wifi. Sivuti tepu."

Akacheka, na mimi nikacheka. Tuliishi nyumba moja, na mawifi wa nyumba moja wasipocheka hawatakaa.

*

Kesho yake asubuhi tulikwenda kupimwa, kama kila Jumamosi. Ukisimama mlangoni mwa kituo cha vipimo hapa Mguuni na kuinua shingo, unaiona Kamba yenyewe, njia ya viti vya kupanda angani, nyeusi na nyembamba, imesimama wima kutoka ardhini mpaka macho yanapochoka. Juu yake, mwendo wa siku tano kwa kiti, ndiko aliko Idrisa, mume wangu na mdogo wake Havijawa. Kazi yake ni kukagua nyuzi za Kamba na kufuma upya zilizochanika. Amemaliza miaka mitatu, imebaki mitatu. Mifupa yake imezoea kutobeba kitu, na daktari wa huko amekataza asishuke mpaka mkataba uishe. Familia inapewa ziara moja tu kwa mkataba mzima. Mtu mmoja, kiti kimoja, siku kumi na moja kule juu.

Mimi na Havijawa tuliomba wote wawili. Hakuna aliyemwambia mwenzake ajitoe.

"Vua viatu, Bi Sikudhani," aliniambia Mwakisu, mpimaji wa zamu. Ananiita Bi Sikudhani siku ya Jumamosi tu. Siku nyingine ananiita Siku, kwa kuwa nafanya kazi hapo hapo: nakagua mizani za kituo kwa mawe ya kupimia, kuhakikisha kilo ni kilo. Tangu niombe kiti, ile mizani ya waombaji nimekatazwa kuigusa.

Kamba haichagui mwembamba. Ni kweli kila kilo ya mtu inayopanda inaacha chini kilo ya chakula au ya nyuzi, lakini wakubwa wake walishaona kwamba anayetimiza ahadi yake mwenyewe hapa chini ndiye asiyeleta balaa kule juu. Kwa hiyo kila mwombaji huahidi, kisha hupimwa. Sisi tuliahidi kilo kumi na moja kila mmoja, kwa siku tisini. Tepu inazungushwa kiunoni. Unapuliza kwenye bomba, mashine inanusa pumzi yako na kujua kama mwili unachoma mafuta yake au umeanza kula nyama yake wenyewe. Unapanda ngazi mia moja na ishirini huku mapigo ya moyo yakihesabiwa. Huko ni kufaulu au kushindwa tu. Mshindi, yule aliyepungua zaidi, anatoka kwenye mizani, siku ya mwisho, na familia itakayodanganya inanyang'anywa kiti siku hiyo hiyo, wanapewa wengine.

Kwenye ngazi, Havijawa alipanda huku anazungumza na mpimaji habari za bei ya vifungo. Nilimfuata nikiwa nimeshika ukuta.

"Wifi yako anapanda kama msichana wa miaka ishirini," alisema Mwakisu. Havijawa ana arobaini na minne, mimi nina thelathini na tatu.

Tulipokuwa tunarudi, Bi Tunu, jirani yetu wa mlango wa pili, alikuwa anaanika mboga. Alitutazama kuanzia miguuni.

"Havijawa mwenzangu, umepungua, umependeza," alisema. Kisha akanigeukia, sauti ikashuka. "Na wewe Siku, mbona umekonda hivyo? Unaumwa? Au mawazo ya mume?"

Yeyote anayezungumza lugha hii anajua tofauti. Anayepungua amejitahidi. Anayekonda amepatwa. Nilikuwa nimemzidi Havijawa gramu mia nne, nimekula mboga bila mafuta mpaka ulimi ukasahau chumvi, halafu yeye kapungua na mimi nimekonda. Nilimjibu Bi Tunu kwamba mimi mzima, nikaingia ndani, nikajitazama kwenye kioo. Mashavu yalikuwa yameingia. Kumbe mwili nao unaweza kukupendelea au kukunyima.

Na hata hilo si ndilo lililoniuma zaidi. Havijawa alimlea Idrisa tangu ana miaka sita, mama yao alipofariki. Alimwogesha, alimtibu surua, alimshonea kaptula ya shule kwa kitambaa cha pazia. Mimi mke wake wa miaka saba, na katika hiyo tumeishi pamoja minne. Idrisa akipiga simu kutoka juu alianza kuongea na dada yake, wakacheka mambo ya utotoni ambayo mimi sikuyakuta, kisha simu ikaja kwangu ikiwa imebaki dakika tano. Damu nzito kuliko maji, husemwa. Nami nilikuwa maji ya kutosha kujua hivyo.

Nilitaka siku kumi na moja ambazo ningekuwa wa kwanza. Hicho tu.

*

Ujumbe wa kipimo cha mwisho ulifika Alhamisi, kwenye simu zetu zote mbili kwa wakati mmoja. Havijawa aliusoma kwa sauti, miwani ikiwa puani.

"'Mwombaji afike kituoni Jumamosi saa saba kamili. Atakayechelewa zaidi ya nusu saa atahesabiwa kuwa amejitoa.' Safari hii mchana, wifi? Mbona siku zote tunakwenda asubuhi?"

Mashine ya Kamba inaandika Kiswahili kizuri, haikosei hata ngeli. Ila walioitengeneza waliifundisha maneno, hawakuifundisha siku. Saa zake zinaanza usiku wa manane. Kwetu siku inaanza na jua. Mashine ikiandika saa saba, maana yake ni saa moja yetu ya asubuhi. Kwa vipimo vya kila wiki alikuwa akituambia Mwakisu mwenyewe kwa mdomo, kwa hiyo watu wa nje hawakuwahi kukutana na jambo hilo. Cha mwisho peke yake ndicho kilichoandikwa na mashine. Sisi wafanyakazi tumezoea kutoa sita. Mimi wiki yangu ya kwanza kazini nilifika mchana jua la utosi, nimebeba chakula changu, wenzangu wakanicheka mwezi mzima.

Havijawa alikuwa ananisubiri. Nilikuwa nachambua mchele na sikuinua macho.

"Saa saba," nilisema. "Ndivyo ilivyoandikwa."

"Basi afadhali. Nitaamka taratibu, ninywe uji wangu mapema, mpaka saa saba uwe umeshashuka. Tumbo likikaa tupu sana nasikia kizunguzungu."

"Mm," nilisema.

Hilo ndilo nililofanya. Sikusema uongo hata neno moja, na wakati ule nilijishikilia hapo kwa nguvu zote. Imeandikwa saa saba, nimesema saa saba. Nilizipepeta zile punje zilizokwisha kuwa safi, nikazipepeta tena.

Siku nzima ya Ijumaa nilikuwa na nafasi ya kulisema. Nilimkuta jikoni, nikamkuta uani, nikamkuta kwenye cherehani. Kila mara neno lilifika kooni, kisha alikuwa akianza kuniambia atakavyomfanyia Idrisa akifika: atamkata kucha, maana Idrisa tangu mtoto hajui kukata kucha za mkono wa kulia. Mume wa mtu, anataka kumkata kucha! Neno lilirudi chini lenyewe.

*

Jumamosi niliondoka kabla jua halijachomoza, nikamwambia nina kazi kituoni. Kulikuwa na baridi. Havijawa alikuwa na kanga mabegani, ndiyo kwanza anawasha jiko.

Nilifaulu tepu, pumzi na ngazi. Nikapanda mizani. Mwakisu akasoma: nimepungua kilo kumi na moja na gramu mia sita. Ubaoni likaandikwa jina langu na namba yangu. Chini yake jina la Havijawa, na mbele ya jina hapakuwa na kitu.

"Mwenzako yuko wapi?" aliuliza Mwakisu.

"Sijui."

"Si mnalala nyumba moja?"

"Niliondoka mapema."

Akatazama saa ya ukutani. Zilikuwa zimepita dakika tisa. Nikaketi kwenye benchi. Ningeweza kukaa pale dakika ishirini na moja nyingine, basi, kiti ni changu.

Wengine wakisikia kwamba nilimpigia simu hudhani dhamiri ilinisuta. Ilinisuta, sikatai, lakini siyo iliyonyanyua simu. Niliuangalia ule mstari mtupu na nikaona nitakavyoishi nao. Maisha yangu yote Havijawa angesema angekuja angenishinda, na watu wangemwamini, kwa sababu ya kopo lake. Nilitaka apande mizani ile mbele yangu. Nilitaka namba yake iandikwe chini ya yangu na iwe ndogo. Wivu ulionyamazisha mdomo wangu Alhamisi ndio ulionipigisha simu Jumamosi.

"Wifi, ni sasa hivi," nilisema. "Saa saba ya Kamba. Saa moja yetu. Kimbia."

Sikusikia jibu, nilisikia kiti kikianguka.

Alifika dakika ya ishirini na sita, mtandio mkononi, viatu vya ndani miguuni. Tepu alifaulu. Pumzi alifaulu, ingawa ilibidi apulize mara mbili kwa sababu alikuwa anahema. Ngazi alizipanda akiwa ametoka kukimbia mtaa mzima, na bado moyo wake ulipiga vizuri kuliko wangu. Kisha akapanda mizani, nami nikasimama nione.

Kilo kumi na moja na gramu mia nne.

Mwakisu akaandika. Havijawa akautazama ubao kwa muda, midomo ikichezacheza kama mtu anayehesabu vifungo. Kisha akashuka, akanikumbatia. Alikuwa amelowa jasho na shingoni alinukia tangawizi ya uji.

"Umenishinda kwa haki," alisema. "Bila wewe hata nisingepimwa. Ahsante, wifi yangu."

*

Zilibaki siku sita kabla ya safari, na sikuwahi kusifiwa katika maisha yangu kama siku zile. Havijawa alimsimulia kila mteja: yeye katulia nyumbani na uji wake, hajui saa za mashine, na wifi yake, mpinzani wake, ndiye aliyempigia simu. "Mwenye roho nyingine angenyamaza," alisema, nami nikiwa nimesimama pale pale na sinia la chai.

Bi Tunu alinishika mkono uani. "Siku, umepungua vizuri," akasema. "Umependeza."

Nililingoja neno hilo miezi mitatu. Nilipolipata nilisema ahsante, nikaenda chooni, nikakaa huko mpaka nilipoitwa.

Siku ya tatu kabla ya safari Havijawa alinipima nguo. Wageni wa Kamba huvaa suruali na koti la kubana, kusiwe na upindo wa kunasa mahali, na alikataa nikachukue la kituoni. Alinisimamisha katikati ya chumba chake cha kushonea.

"Nyoosha mikono."

Nikanyoosha. Akanizungushia tepu kifuani, akataja namba, akaiandika. Akashuka kiunoni. Vidole vyake vilikuwa baridi na vyepesi, havikubana wala havikulegeza.

"Unaona?" alisema. "Hapa umeisha kabisa. Mizani haikukuambia hili. Idrisa atashangaa."

"Wifi, nilijua," nilisema.

"Ulijua nini?"

"Alhamisi. Uliponiuliza saa. Nilijua ni asubuhi."

Tepu ilibaki kiunoni mwangu. Sikuweza kushusha mikono, sijui kwa nini. Nilikaa nimeitanua kama nguo iliyoanikwa na nikaendelea kusema, kwamba nilijua kuhusu uji pia, kwamba nilimsikia akiutaja na nikaitikia, kwamba hata simu sikumpigia kwa wema. Niliyasema yote. Yeye alikuwa nyuma yangu, ameshika ncha ya tepu.

"Wewe ni mtu wa mizani," Havijawa alisema hatimaye. "Bakuli langu la kijani, likijaa uji, ni gramu ngapi?"

"Mia nne," nilisema. "Na kidogo."

"Nilikunywa lote."

"Najua."

"Na ulinishinda kwa mia mbili."

"Twende kwa Mwakisu," nilisema. "Sasa hivi. Nitasema mwenyewe."

"Ili iweje?" Alizunguka akasimama mbele yangu. Hakuwa analia. Ingekuwa rahisi kwangu kama angelia. "Umesahau kanuni zenu? Ukisema, kiti wanapewa wengine. Mimi siendi, wewe huendi, na yule mtoto anakaa miaka mitatu mingine bila kuona sura ya mtu wake. Hilo ndilo unalotaka nikuchagulie?"

Nilikuwa nimelifikiria hilo pia, usinielewe vibaya, na sehemu yangu moja ilikuwa imefurahi kwamba kanuni ipo.

"Basi nibaki," nilisema. "Nitajitoa. Nitasema naumwa. Atakayefuata ubaoni ni wewe."

"Niende kwa hisani yako? Nikafike kule nimwambie mdogo wangu mkeo kanipa nafasi, nawe huku usifiwe mara ya pili?" Alivuta pumzi. "Hapana, Sikudhani."

Hakuwahi kuniita kwa jina tangu siku ya ndoa.

Akarudi nyuma yangu, akaishika tepu, akasoma namba, akaiandika kwenye daftari kwa mwandiko ule ule. "Utakwenda. Utamwambia mwenyewe, kwa mdomo wako, kabla hujala, kabla hujalala. Usimpunguzie kitu. Siku ya pili nitapiga simu, na nitajua kwa sauti yake. Sasa nyoosha mikono vizuri, sijamaliza mabega."

Nguo ilikamilika siku moja kabla. Ilinikaa sawasawa, haikunipwaya wala kunibana popote.

*

Siku tano nilipanda. Siku ya tatu uzito wa mwili ulianza kuniacha, na ya tano nilikuwa nimefungwa kwa mikanda ili nisiondoke kitini. Kila kilomita niliandika hotuba nyingine kichwani. Katika mojawapo niliandika kwamba mashine ndiyo iliyokosea, jambo ambalo ni kweli.

Mlango ulipofunguka Idrisa alikuwa ameelea upande wa pili, ameshika fito kwa mkono mmoja. Alikuwa mrefu kuliko nilivyomwacha, uso umevimba kidogo, miguu imekuwa myembamba kama ya mtoto. Aliniita jina ambalo hakuna mtu mwingine analoniita. Akanivuta kwake, akaniweka kifuani, na kwa muda nilikuwa mtu wa kwanza, wa pekee, hapakuwa na dada wala simu wala dakika tano za mwisho.

"Umekuwa mwepesi," alinitania, kwa sababu huko kila mtu ni mwepesi. "Twende. Kwanza unapimwa, ndiyo kanuni."

Huko mizani haifanyi kazi. Wanakufunga kwenye kiti chenye springi kinachobembea, mashine inahesabu kinavyokwenda na kurudi. Mzito hubembea polepole, mwepesi haraka haraka. Idrisa alinifunga mikanda, akakiachia kiti, akahesabu huku anatabasamu.

"Kilo sabini na mbili na mia nne. Umejitahidi, mke wangu. Siku tisini! Nilipoambiwa ni wewe unayekuja sikuamini. Nilidhani dada atakushinda, yule ni chuma."

"Alinishinda," nilisema.

Alicheka, akidhani namsifu. Nikafungua mikanda, nikamshika mkono, nikaanza na siku ya Alhamisi. Sikumpunguzia. Nilimwambia mchele, nilimwambia saa, nilimwambia uji na bakuli lenyewe. Nilimwambia kucha za mkono wa kulia, na kwamba hizo ndizo zilizonirudisha nyuma siku ya Ijumaa. Sikuitaja mashine iliyokosea.

Nilipofika mwisho alikuwa anautazama mkono wake wa kulia. Kucha zilikuwa zimekatwa vibaya, moja imechimbika mpaka nyama.

Hakunisukuma. Aliachia tu vidole vyangu, taratibu, kimoja kimoja. Na kwa kuwa hapakuwa na sakafu ya kusimamia, nikaanza kurudi nyuma, polepole, kuelekea ukutani. Nilimnyooshea mkono, lakini alibaki pale alipokuwa, ameshika fito yake.